Vikongwe vya Mashoto

Jumatatu, 3 Juni

Nimelishusha boksi. Miezi mitatu linanitazama kutoka juu ya kabati chumbani kwa Mama, na mimi nalitazama. Leo nimepiga moyo konde, nikapanda kiti, nikalishusha. Mfuko wa hospitali nimeuacha palepale juu. Huo siugusi.

Ndani ya boksi: vikongwe 312. Nimevihesabu mara mbili. Mdogo wangu, Mashoto, ndiye aliyevipa jina hilo. Unakata duara la kitambaa kwa kufuata kisahani, unakunja ukingo, unapita na bandi, mshono wa mkono wa juu-chini, kuzunguka mpaka urudi ulikoanzia, kisha unavuta uzi. Mdomo unajikunja katikati. Kinabaki kiduara bapa chenye marinda, na mdomo kama wa bibi asiye na meno. "Angalia, Dada," alisema siku ya kwanza, "kikongwe amenuna!" Basi likabaki hilo.

Vikishatosha unaviunga ubavu kwa ubavu, vinakuwa tandiko la kitanda. Tandiko lenye matundu kila mahali! Halina joto, halizuii mbu. Mama alipoambiwa ni la kwake alicheka mpaka akashika mbavu — watu wanashonewa blanketi, mimi binti yangu ananishonea wavu! Wakati huo Mama alikuwa bado anacheka. Alikuwa bado anasema.

Hesabu Mashoto aliiandika ndani ya kifuniko cha boksi, kwa ule mwandiko wake ulioangukia kushoto: safu ishirini, kila safu ishirini. Mia nne. Bado 88. Nitavimaliza mimi.

Mbona naandika kama mtu anayeapa mbele ya watu? Hakuna anayesoma hapa.

Jumanne, 4 Juni

Kaka amepiga simu: magauni ya Mashoto yagawiwe, yanajaza kabati bure. Yagawiwe nani? Ili siku moja nikutane na gauni lake barabarani, limevaliwa na mtu mwenye haraka zake? Nikamjibu nitayashughulikia. Na nimeyashughulikia. Nimechukua mkasi.

Meza ya kukatia iko chumbani kwa Mama, kando ya kitanda, ndipo penye mwanga. Nilianza na lile la maua ya njano. Mkasi ukapita begani. Nikaendelea. Mimi ni fundi, kitambaa ni kitambaa!

Mama ananitazama. Nikamwambia, bila kumwangalia usoni, kwamba Mashoto ndiye aliyeagiza — hayo ya zamani yatumike, huko kazini wamempa sare.

"Haya," akasema Mama.

Ndilo neno lake pekee tangu kiharusi. Haya ya ndiyo, haya ya hapana, haya ya nigeuzeni. Upande wa kulia wote umelala, mkono na mguu. Na hajui. Siku ya tatu Mama akiwa wodini, Mashoto alitoka kwenda nyumbani kumletea supu. Gari likamgonga mbele ya geti la hospitali, flaski mkononi. Daktari akasema presha ya Mama haiwezi kuhimili mshtuko. Kaka akaamua tumwambie: amesafiri, amepata kazi mbali. Mpaka Mama apate nguvu kidogo. Hiyo kidogo ina miezi mitatu sasa.

Jumatano, 5 Juni

Fedheha! Miaka ishirini na mbili kwenye cherehani, kola zangu wateja wanazisifu hadharani, na kikongwe kimenishinda. Bandi zangu ndogondogo, safi, zote sawa. Nikivuta uzi mdomo haufungi. Unabaki wazi, tundu kubwa katikati, kama kinapiga kelele. Nimetengeneza sita na vyote sita vinapiga kelele. Nimevilaza kifudifudi.

Vya Mashoto vimefunga midomo na kutulia. Nimefumua kimoja nijue siri. Bandi zake ni ndefu, za uvivu, kama za mtu anayekimbilia mahali. Kumbe ndivyo! Ukishona hovyo kinafunga, ukishona vizuri kinaachama. Na aliwahi kuniambia. Dada, wewe unashona kama unamwogopa fundi atakayekuja kufumua. Nilimnunia siku mbili kwa maneno hayo.

Kile nilichokifumua kimenishinda kukirudisha. Marinda yamekataa. Sasa ni 311. Nimelia kwa ajili ya kipande cha kitambaa, mtu mzima mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Mkono umeanza kulegea. Vinafunga.

Nimejiwekea utaratibu. Asubuhi kabla sijaenda kazini natia uzi kwenye sindano kumi, uzi wa mara mbili, fundo mwishoni, nazichomeka kwenye kimto cha sindano ukingoni mwa meza. Jioni macho yakiwa yamechoka nazikuta tayari. Viduara vilivyokatwa viko kwenye bakuli la plastiki hapohapo.

Mchana Mama anakaa na jirani yetu, Mama Redio. Jina lenyewe ni kwa sababu ya kiredio chake kisichozimwa, na kwa sababu ya mdomo wake usio na pazia. Nimemlisha kiapo mara tatu asimwambie Mama chochote. Leo tena akaniambia, mimi? Mimi ni kaburi! Halafu akajishika mdomo.

Bwana Nyoosha alikuja pia, yule wa mazoezi ya viungo, siku zake ni Jumanne na Ijumaa jioni. "Nyoosha, Mama, nyoosha!" Alipoviona vikongwe akavitia kwenye mazoezi: anainua kimoja, anataka Mama ataje rangi. Nyekundu? "Haya." Njano? "Haya." Akasema tusikate tamaa, neno moja likitoka mengine yatalifuata. Mkono wa kulia haunyooki hata kidogo. Basi wa kushoto, akasema, tuupe kazi ya mikono miwili.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya sauti.

Mama hana simu. Mashoto alikuwa akichelewa anarekodi ujumbe na kuutuma kwangu nimsikilizishe Mama. Katika simu yangu zilikuwemo sauti tano zinazofaa, zisizotaja siku wala mahali. Wazo ni la Kaka, lakini simu ni yangu na mimi ndiye niliyezichagua. Tulianza katikati ya mwezi uliopita, kila Jumapili moja. Tunamwambia Mama ametuma jana.

Leo ya nne. "Mama, umeamkaje? Usiwasumbue hao, kula. Mimi mzima." Mimi mzima! Kaka alimshikia simu sikioni. Mama akafumba macho mpaka ilipokwisha. Kaka akaninong'oneza: unaona anavyotulia? Nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Imebaki moja. Na ile ya mwisho kabisa, isiyofaa. Hiyo nimeisikiliza mara moja tu. Ina honi ndani yake. "Mama, nimefika getini, navuka tu. Usile cha watu, supu hii hapa."

Jumanne, 11 Juni

Kuna kimoja kimezidi.

Niandike polepole. Jana jioni niliacha vikongwe vyangu kumi na tisa kwenye sinia. Leo viko ishirini. Nikasema nimekosea hesabu. Nikavipanga mezani kimoja kimoja, nikakiona. Maua ya njano. Mdomo umefungwa kabisa. Marinda yamelalia upande mwingine.

Fundi yeyote angenielewa. Wa mkono wa kulia anazunguka ukingo kwenda huku, wa mkono wa kushoto anazunguka kwenda kule, na ukivuta uzi marinda yanalala kumfuata. Vyote 311 vya boksini vimelalia kushoto. Vyangu vimelalia kulia, vyote, hata vile vya kelele. Hiki kimelalia kushoto. Na kitambaa chake nimekikata mimi Jumanne iliyopita, yeye ana miezi mitatu ardhini.

Nimefunga dirisha na mlango.

Mashoto lilikuwa jina la utani, hata walimu walimwita hivyo. Mama hakulipenda. Alikuwa anaufunga ule mkono wa kushoto kwenye kiti kwa utepe wa kitambaa, wakati wa kula na wakati wa kuandika, karibu mwaka mzima, ili aache. Hakuacha. Alipokua akawa anauinua mbele ya wageni: "Huu mnaouona ulifungwa bila kesi!" Sote tunacheka. Mama anainuka kwenda kuangalia jiko.

Jumatano, 12 Juni

Viwili. Sindano nane zina uzi, mbili tupu, zimechomekwa mahali pake kwa adabu.

Nimemuuliza Mama Redio kama ameshona chochote. Mimi? Kwa macho haya? Sindano mimi naiona ikishanichoma! Kuna mtu alikuja? Hakuna aliyekuja. Ila yeye huwa anafumba macho kidogo baada ya chakula, kidogo tu. Na Mama? Mama alikuwa amelala, uso ukutani.

Kimoja kina unyevu ukingoni. Mvua haijanyesha wiki ya tatu hii. Nimekifumbata kiganjani nikakaa nacho kitandani kwake — maana nalala kwenye kitanda cha Mashoto sasa, changu kilivunjika chaga na sijakitengeneza, na sitaki. Nilipofungua kiganja kilikuwa kimekauka.

Ijumaa, 14 Juni

Vitatu.

Nitasema ukweli humu kwa sababu sina pengine pa kuusema: siogopi tena. Nafurahi! Kazini leo nilishona zipu kichwa chini, bosi akaniuliza niko wapi. Nilikuwa nyumbani. Nimerudi mbio kama mtu anayesubiriwa.

Asubuhi nilimwachia kwenye bakuli viduara vya lile gauni la bluu alilolipenda, na sindano mbili za ziada. Nikasema kwa sauti ya chini, mdogo wangu, hizi zako. Mama alikuwa macho. "Haya," akasema. Nikashtuka, nikacheka peke yangu.

Nilijaribu kumwambia Kaka kwenye simu. Akasema: umechoka, mdogo wangu, omba likizo. Halafu akauliza kama Mama ameona hayo mambo yangu. Nikasema Mama haoni kitu, Mama analala.

Upepo ukiingia dirishani, mfuko juu ya kabati unachakarika. Ni nailoni tu. Ndani mna gauni la kijani, alilokuwa amevaa siku ile. Ndilo Mama alilomwona nalo asubuhi, mara ya mwisho, akitoka wodini kufuata supu. Hospitali walinikabidhi dirishani nikatia saini. Nimeuweka nyuma ya ubao wa pambo ulio mbele juu ya kabati, ili ukisimama usiuone. Magauni mengine yote nimeyakata, hilo siliwezi. Hata kulifungua siwezi.

Jumapili, 16 Juni

Ya tano imekwisha.

"Mama, wavu wako unaendelea! Ukimaliza kunicheka utalala nao." Ni sauti ya mtu anayetafuna kitu. Mama alifumba macho. Chozi moja likateremkia sikioni, nusura liingie kwenye simu. Kaka akasema ni la furaha. Nikasema ndiyo, la furaha. Nimekuwa mwepesi wa kusema uongo kama nilivyo mwepesi wa kutia uzi.

Nje nikamuuliza, Jumapili ijayo tutafanyaje? Zimekwisha. Akasema kuna fundi simu anayejua kukata sauti. Ile ya mwisho, ataondoa honi, ataondoa geti. Nikamwambia asithubutu! Akashika tama, akatazama viatu vyake. Na kwangu mimi unadhani ni rahisi, akasema. Alimpenda. Simsemi vibaya. Alimbeba mgongoni kumpeleka shule alipokuwa na surua, na yeye mwenyewe bado mtoto.

Lakini asithubutu.

Jumanne, 18 Juni

Vimetimia! Vya boksini 311, vyangu sabini, vya kwake vipya kumi na tisa. Kila jioni tangu wiki iliyopita nilikuwa naunga safu, zimebaki tatu. Vyake vipya nimevisambaza katikati, pale kifua cha Mama kitakapolala. Vidole vimevimba. Najisikia vizuri na ninaogopa. Likiisha tandiko, atakuja kufanya nini?

Bwana Nyoosha ameusifu mkono wa kushoto wa Mama. Umekuwa hodari! Akaugeuza, akaangalia ncha ya kidole cha shahada, akauliza tunampa kazi gani, kidole kina sugu. Nikasema labda vifungo, Mama Redio humpa vifungo achambue. Akasema endeleeni hivyohivyo.

Jumatano, 19 Juni

Limekwisha. Nimemtandikia Mama juu ya shuka. Jua liliingia dirishani likapita kwenye matundu, shuka yote ikawa na madoa ya mwanga. Mama alipitisha kiganja cha kushoto juu yake, safu kwa safu, hadi mkono ulipoishia.

Alhamisi, 20 Juni

Kuna tundu.

Katikati kabisa, safu ya kumi, cha kumi. Kikongwe kimoja hakipo. Nyuzi zote nne zimekatwa kwa mkasi, sio kuchanika, kwa mkasi! Chenyewe nimekikuta ndani ya bakuli. Kilikuwa changu, cha kitambaa cha pazia la zamani.

Nikakaa chini. Nikamuuliza, kwa sauti, huku Mama amelala: hukipendi? Ni kibaya? Nishonee chako basi. Nilingoja. Redio ya jirani ilikuwa inasema habari za hali ya hewa.

Nimeweka cha bluu nilichokikuta kimezidi kwenye sinia, cha mkono wake mwenyewe. Nimekaza.

Ijumaa, 21 Juni

Umeme ulikatika kazini saa sita. Tukangoja, tukaambiwa nendeni. Nikaja kwa njia ya nyuma, ya kwenye mabomba, kwa hiyo nikapita chini ya dirisha la Mama. Redio inaimba kwa nguvu. Mama Redio kwenye kiti, kichwa nyuma, mdomo wazi, amelala fofofo.

Mama amekaa. Ameegemea mito, amekaa wima.

Ameuma duara la kitambaa kwa meno. Ule mkono wa kulia, uliokufa, ameupakata mapajani na kuuweka juu ya ukingo wa kitambaa kama jiwe la kuzuia karatasi. Na kwa mkono wa kushoto anashona. Bandi ndefu, za haraka. Anachoma, anavuta, anageuza kitambaa kwa ulimi na meno, anachoma tena. Akivuta uzi anaupitisha kwenye jino na kukaza. Alipomaliza akakitazama. Akakibusu, au akakilamba kikae sawa, sijui. Akachukua mkasi, akavuta tandiko, akakata kile cha bluu nilichokaza jana. Nyuzi nne. Akakiweka kando kwa upole. Kile kipya hakukiweka mahali pake. Alikitupia ndani ya bakuli na vingine, akalitazama lile tundu.

Sikuingia. Nilirudi mabombani nikafungua maji nikanawa uso, nikanawa tena, nikanawa mpaka jirani wa pili akauliza kama nimeunguzwa na jua.

Hakuwa Mashoto. Hakuwahi kuwa Mashoto hata siku moja. Nilimwachia sindano, nilimwachia bluu yake, niliongea naye kama mwendawazimu, na hakuwepo. Mwezi wa tatu sikulia hivi. Mwezi wa tatu kulikuwa na watu wa kuwaandalia viti.

Na Mama anajua! Bila shaka anajua. Nani anakata magauni ya mtu atakayerudi? Niliyakata mbele ya macho yake, moja baada ya jingine, mimi fundi, mimi mjanja, nikiwaza vitambaa tu! Alijua tangu mkasi ulipopita begani. Na kila Jumapili tukamwekea sauti ya maiti sikioni, naye akafumba macho, akatuachia, kwa sababu aliona tunavyohitaji kudanganya. Na akitaka kumlilia mwanawe, amemlilia kwa kazi ile ile ya mwanawe, kwa mkono ule ule aliokuwa akiufunga. Akijificha. Kwenye nyumba yake.

Saa kumi na moja, saa yangu ya kawaida, nikakohoa mlangoni nikaingia. Mama amelala, uso ukutani. Sindano tatu tupu.

Shikamoo, Mama. Umeshindaje?

"Haya."

Jumamosi, 22 Juni

Asubuhi sikutia uzi kwenye sindano. Mama aliitazama meza. Akanitazama mimi. Nikatia. Zote kumi.

Jumapili, 23 Juni

Saa tisa alasiri. Naandika nimekaa sakafuni chumbani kwa Mama. Kaka yuko uani, anakwenda na kurudi, nasikia viatu vyake kwenye kokoto.

Alikuja saa nane. Amefanya kweli! Kumbe Jumapili iliyopita alijirushia ile ya mwisho kutoka simu yangu. Fundi simu ameondoa honi, ameondoa geti, imebaki "Mama," kisha kimya kidogo, kisha "supu hii hapa." Nilisimama mlangoni nikamzuia. Usiicheze. Akasema ni Jumapili, Mama anasubiri. Nikasema, Mama anajua. Akanitolea macho. Anajua nini? Na kama hajui ukamwua wewe? Akanisogeza, akapita.

Akamwekea simu sikioni. Sauti ikaanza. Safari hii Mama hakufumba macho. Aliinua mkono wa kushoto akaichukua simu kutoka mkononi mwa Kaka, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akailaza kifudifudi kifuani. Akaifunika kiganja. Sauti ikaishia humo humo chini ya kiganja chake. Akaendelea kuifunika hata ilipokwisha.

Kisha akairudisha kwa Kaka. Akavuta tandiko, akapapasa mpaka katikati, akatia kidole kwenye tundu. Akafungua mdomo. Ulipinda, ukatafuta, ukafunga, ukafungua tena.

"Kijani," akasema Mama.

Neno zima! Kaka — Mungu wangu, alifurahi. Akapiga kofi, akasema umesikia? Rangi! Mazoezi yamefanya kazi! Akainama juu ya tandiko akitafuta kikongwe cha kijani, akakipata kimoja pembeni, kile cha mabaki ya sare za shule. Hiki, Mama? Hiki? Mama akatikisa kichwa. Alikuwa anatazama juu, juu ya kichwa changu.

"Kijani."

Nilifuata macho yake sikuona kitu. Kabati, ubao wa juu wa kabati. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikaweka kichwa changu kwenye mto wake, shavu kwa shavu, nikatazama anakotazama.

Ubao uko mbele tu ya kabati; kutoka hapo, kwa ubavuni, hauzuii chochote. Mwanga wa dirisha unaupiga mfuko kwa pembeni, nailoni inang'aa, na rangi inaonekana yote. Mpaka mkunjo wa mkono wa gauni unaonekana. Nilikuwa nimeuficha machoni pa watu wanaosimama. Tangu atoke hospitali, kila siku akiwa chali, ndicho kitu alichokuwa akikitazama. Mimi nikipangusa vumbi la kabati chini yake.

Nikamwambia Kaka aje aweke kichwa hapa. Hakutaka. Akaja. Aliinua kichwa, akatia simu mfukoni, akatoka uani.

Nilipanda kiti. Mfuko ni mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Uko mapajani mwangu sasa. Kuna karatasi yenye jina kamili la Mashoto, ambalo hakuna aliyelitumia. Mama amekaa wima, hajifichi tena. Ameshaweka kisahani na chaki juu ya shuka, na sindano yenye uzi ameichomeka kifuani mwa gauni lake, tayari.

Fundo la mfuko limefungwa na mtu wa hospitali aliyekuwa na haraka. Limekaza. Kucha zangu zimeshindwa, ndiyo maana nimeshika kalamu badala yake.

"Haya," anasema Mama. Ameninyooshea mkasi kwa mkono wa kushoto, na ameugeuza, mpini uko upande wangu.